Smati mita inatuma vipi data kama nyumbani sina waifai?

mbeba_boksi_Glasgow: Wakuu habari. Nipo Glasgow, mwezi juzi mafundi wamenifungia smati mita ya umeme na gesi pamoja na kaskrini ka kuweka mezani. Waifai nilishakata kitambo na fundi hakuniomba paswedi yoyote, lakini bili imekuja na matumizi yote kamili. Inapitia wapi? Na wanajua mpaka saa ninayooga au?

fundi_chuma: Mkuu waifai haihusiki kabisa. Juu ya mita ya umeme kuna kiboksi kimechomekwa, hicho ndio msemaji. Ndani ya nyumba mita zote mbili na kaskrini vinaongea kwa Zigbee, redio ya masafa mafupi, umeme unasomeka upya kila sekunde 10 hivi ila gesi kila nusu saa kwasababu mita yake inaishi kwa betri, ikiongea muda wote betri itakufa mapema. Kutoka nje inategemea unaishi wapi: nyie wa Uskoti ni redio ya masafa marefu ya kampuni ya Arqiva, sisi wa London inapita mtandao wa simu tu kama meseji. Kote inapitia DCC, kampuni inayoendesha mtandao wa smati mita, imefungwa kwa msimbo wa siri, ndio inamfikia muuza umeme wako.

mbeba_boksi_Glasgow: Shukrani mkuu, ila ya kuoga umeiruka 😂

fundi_chuma: Haha. Mita inaandika jumla ya kila nusu saa na inatunza miezi 13. Haijui kama ni pasi au bafu, ila matumizi yakipanda ghafla kila siku saa 12 asubuhi mtu mwenye akili atajua umeamka. Mwambie muuza umeme wako asichukue ya kila nusu saa kama hutaki.

mama_Mbagala: Huku mita za LUKU, za kulipia kabla na kuingiza tokeni ya namba 20, hazitumi kitu, mjumbe ni vidole vyako mwenyewe. Ndio maana kabla ya 24 Novemba 2024 tuliambiwa tuingize namba za ziada, mita zinahesabu dakika tangu 1993 na hesabu ilikuwa inajaa, hakuna wa kuzigusa kwa mbali. Mpangaji wangu alikuwa safari, karudi Desemba tokeni haziingii akadhani mimi ndio nimemkatia!!

mbeba_boksi_Glasgow: 😂😂 Basi mi kaskrini nimekachomoa, nikichemsha chai naona hela inavyokimbia.

fundi_chuma: Hako ni ka kukuonyesha wewe tu mkuu, mita inaendelea kutuma kama kawaida.