Niongeze dola 300 nichukue kamera kubwa? Nahitaji ushauri wa haraka

Alfajiri_Kivu
Jamboni wote. Niko Goma. Nina kamera ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni, megapikseli 16, zumu mara 8. Huu ni mwaka wa nne ninapiga nayo ziwa, mawingu, na mawe ya lava yaliyoanza kuota majani. Jumapili kabla ya misa lazima niwe nje nayo. Hakuna kitu kinachonipa utulivu kama hicho.

Shida yangu ni asubuhi. Nikielekeza mlimani, ama mbingu inakuwa nyeupe kama karatasi ama mlima unakuwa mweusi tii. Picha ninayoipenda kuliko zote ni jua likichomoza nyuma ya Nyiragongo, ule mlima wetu wa volkano, lakini mtu aliyesimama mbele ni kivuli kitupu. Sasa kuna kijana anauza kamera kubwa yenye lenzi mbili. Anataka hii yangu pamoja na dola 300. Nichukue? Nijibuni upesi, usingizi umenikimbia.

Chukudu_Mbili
Kaka, simu nzuri inatosha, kamera ni mzigo. Kama pesa inakuwasha, nunua chukudu, lile baiskeli letu la mbao la kubebea mizigo. Halina betri wala kadi, na linashuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi bila kukulalamikia.

Fundi_Mwanga
Ndugu, kamera yako haina ubaya. Kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera ndogo nyingi ni milimita 6 kwa 4.5 hivi, hakifiki hata ukucha wa kidole cha mwisho. Hakiwezi kubeba mbingu inayowaka na mlima wenye kiza kwa mara moja. Hata kubwa husumbuka hapo, ila zinasumbuka kidogo.

Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, ile ya kuongeza na kupunguza mwanga, shusha mpaka -0.7. Mbingu itarudi na rangi zake. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, iwe 80 au 100. Zima zumu ya dijitali, hiyo inakata picha na kuitanua tu, haikusogezi popote. Laza kamera juu ya ukuta wa mawe, chini yake mfuko mdogo wa maharage, kisha weka saa ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Mtu akiwa ameligeuzia jua mgongo, washa flashi kwa lazima, usiiachie ijiamulie, na asimame hatua mbili tatu tu kutoka kwako. Flashi ya kamera ndogo haifiki mbali.

Na mwezi wa 7 na wa 8 usiilaumu kamera. Vumbi na moshi wa kiangazi vinafunika milima. Ngoja mvua zirudi mwezi wa 9, toka asubuhi baada ya mvua ya usiku, saa kumi na mbili na robo uwe umesimama. Kila bonde utaliona mpaka mikunjo yake.

Sasa swali langu. Hizo dola 300 ni za kazi gani? Mwenye pesa yake ya starehe hakosi usingizi.

Alfajiri_Kivu
Asante sana Fundi, hiyo ya maharage sikuijua. Pesa ipo, isikutie wasiwasi. Mimi nataka kujua kuhusu kamera tu.

Mama_Kelasi
Ipo wapi, mwanangu? Ipo kwako au ipo kwa watu? Mimi nimefundisha miaka mingi, mtoto akijibu hivyo najua daftari halijaandikwa.

Alfajiri_Kivu
Sawa, Mama. Ni ya likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu. Zamu yangu imefika. Tulipatana na mama watoto iwe garanti ya nyumba, ile pesa ya kumtangulizia mwenye nyumba, maana tunakaa kwa shemeji, watu tisa vyumba viwili. Lakini nimepiga hesabu. Kamera kubwa itazaa. Ndoa mbili, komunyo moja, garanti imerudi. Nyumba haizai. Na kusema kweli tayari nimempa avansi ya 100, kwa hiyo kurudi nyuma ni hasara.

Mama_Kelasi
Umekuja kuuliza au umekuja kuagwa? Mke wako anajua hiyo 100? Watu tisa katika vyumba viwili, mwanangu, na aliyechoka zaidi ni shemeji yako, ila heshima inamfunga mdomo.

Najua ninachosema. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipopasuka, tulitoka hapa na godoro moja. Siku chache baadaye tulipoambiwa tuhame mji, tukaenda kwa miguu mpaka Sake. Mama mmoja alitupokea, tukalala kwake watu kumi na wanne. Hakutuuliza kitu. Asubuhi ya tatu nilimsikia akihesabu vikombe vya unga, polepole, mara mbili. Mpaka leo nikisikia mtu anapima unga nakumbuka. Toa watoto wako kwa shemeji kwanza.

Mzee_wa_Himbi
Nimesoma tangu juu, kuna kitu kinanikwaruza. Nimezaliwa mji huu. Ukiwa Goma, Nyiragongo iko kaskazini. Jua linatoka mashariki, upande wa Gisenyi kule Rwanda. Mwezi wa 6 linasogea kaskazini kidogo, lakini kuufikia mlima ule halifiki hata siku moja ya mwaka. Sasa wewe jua lako lilichomoza nyuma ya Nyiragongo kivipi? Picha hiyo haipo. Na kamera ya lenzi mbili, bei nzuri, "nijibuni upesi"? Huyu ndiye muuzaji mwenyewe, anatutafuta sisi.

Chukudu_Mbili
Ehee! Mzee kamkamata na dira. Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Fundi_Mwanga
Mzee ana haki kuhusu jua. Ndugu, tuonyeshe picha.

Alfajiri_Kivu
Siwezi kuionyesha, ila si ya uongo. Niliandika kwamba niko Goma, sikusema picha niliipiga Goma. Niliipigia Sake, nyumbani kwetu, mwezi wa 8, kabla hatujakimbia. Ukisimama mlangoni kwetu Nyiragongo iko mashariki.

Nyuma kuna mlima, jua limeshika bega lake la kushoto. Upande wa kulia mti wa parachichi. Katikati mama yangu ameinama anatandaza maharage juu ya turubai, mkono mmoja umenyooka hivi, na vumbi la maharage linang'aa kumzunguka. Uso wake hauonekani kabisa. Wiki hii ameniomba aione ile asubuhi, nikaona aibu kumwonyesha kivuli. Ndiyo maana naitaka kubwa. Siku tukirudi niipige tena, na uso uwepo.

Mzee_wa_Himbi
Ngoja nifikiri. Sake iko magharibi ya mlima, karibu usawa mmoja nao. Mwezi wa 8 katikati jua linatokea palepale. Ni kweli kabisa. Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu kwa dira ya Goma.

Mama_Kelasi
Sake. Basi huenda mama yako ni jirani wa yule aliyetulaza. Mpe salamu zangu, hata kama hanijui.

Fundi_Mwanga
Ndugu, nisikilize vizuri. Weusi wa picha si lazima uwe utupu. Mara nyingi kiza kile kina maelezo ndani yake, programu ya kompyuta inaweza kukiinua mpaka uso ukaanza kuonekana. Hautakuwa safi, utakuwa na chengachenga, lakini huenda mama yako akajitambua. Kamera kubwa haiwezi kurudi asubuhi ile. Faili ileile ndiyo inaweza. Iko wapi? Mbona huwezi kuionyesha?

Alfajiri_Kivu
Iko kwenye kadi. Sikuwahi kuihamisha, sina kompyuta.

Fundi_Mwanga
Na kadi iko wapi?

Alfajiri_Kivu
Ndani ya kamera ndogo. Nilimwachia yule kijana tangu juzi pamoja na ile 100, ili asiuzie mtu mwingine. Alisema ataijaribu kwanza. Nilisita kuwaambia kwa sababu nilijua mtanikaripia. Lakini ni mtu mzuri, tunasali pamoja.

Mama_Kelasi
Vaa viatu uende. Sasa hivi.

Alfajiri_Kivu
Nimetoka huko. Mlango una kufuli. Jirani anasema amevuka Gisenyi, atarudi kesho asubuhi. Simu yake haipatikani.

Fundi_Mwanga
Usihangaike usiku huu. Kesho ukiishika usipige hata picha moja ya kujaribu. Chomoa kadi, pembeni yake kuna kidude kidogo cha kusukuma, kifunge. Hata kama alifuta, picha hukaa mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na programu za kuzirudisha zipo. Kadi ikishakuwa mkononi, ndipo mzungumzie ile 100. Kompyuta ninayo, tutaangalia pamoja bila malipo.

Chukudu_Mbili
Kaka, nilicheka mapema. Kesho asubuhi niko karibu na mpaka mdogo wa kuvukia Gisenyi. Akivuka nitamwona. Niambie pembeni anafananaje.

Mzee_wa_Himbi
Anakaa mtaa gani huyo kijana?

Alfajiri_Kivu
Katindo, Mzee.

Mzee_wa_Himbi
Saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa pale barabarani, nina kofia ya kijivu. Tutakwenda wote. Na usiku huu mwambie mke wako, asije akasikia kwa jirani.

Alfajiri_Kivu
Ameshasoma, Mzee. Yuko hapa pembeni yangu. Anauliza kama mama anaonekana akicheka.