Turubai mbili, vijana wa Lubumbashi na wa Ndola: tuanzie wapi?

Fundi_Kamalondo

Jambo zenu. Tuko na vijana 12 hapa Lubumbashi, wa miaka 14 hadi 19: Wabemba, Wasanga, Waluba wa Katanga, na wengine ambao wazazi wao walitoka Kasai. Ndola, upande wa Zambia, kuna wenzao 12. Tunataka picha mbili kuhusu amani kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, kila moja ipitie mikono ya pande zote mbili, halafu moja ibaki huku na nyingine kule. Ukuta tumeuacha, maana ukuta hauvuki Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Kipande cha majaribio tulikipaka rangi nyeupe ya ukuta, na tulipokikunja kikapasuka kama udongo wa kiangazi. Tukosoeni. Na jambo la pili: kila mtoto anataka kuchora njiwa.

Brashi_Pana

Kosa halipo kwenye kitambaa, lipo kwenye tabaka la chini. Rangi rahisi ya ukuta ina chaki nyingi na gundi kidogo. Ukutani haitikisiki, kwa hiyo inakaa. Kwenye kitu kinachokunjika lazima ipasuke.

Chukua amerikani nzito, kile kitambaa cha pamba. Kama picha ni meta 3 kwa 1.5, kata 3.2 kwa 1.7 upate pa kupigia misumari. Ifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Wanga wa kiwandani ukibaki, gundi haiingii, na kitambaa kisichofuliwa kitapungua ukubwa baadaye kikiwa tayari na rangi juu. Kwenye fremu, kaza kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembe. Ukianzia pembeni utapata kunyanzi la mshazari ambalo halitoki tena.

Kisha gundi nyeupe ya seremala, sehemu 1 kwa maji sehemu 2, tabaka moja. Ikikauka, changanya rangi nyeupe ya maji vikombe 3, gundi ileile kikombe 1, maji nusu kikombe. Paka mara mbili, nyembamba, mara ya pili ukikatiza ya kwanza. Kitambaa kinakunywa: mkono wa kwanza hesabu lita 1 kwa meta za mraba 4 au 5, wa pili nusu ya hapo. Turubai zako mbili ni meta za mraba 9, basi lita 4 zinatosha na kinachobaki kitatengeneza rangi za kupauka. Kabla ya kuwapa vijana, kunja kona kwa vidole. Ikilia kama karatasi kavu, gundi ni kidogo, ongeza.

Rangi ya mafuta msiiguse. Juu inaonekana kavu, ndani bado ni uji, na mkiiviringisha itashikana. Hata rangi ya maji ipeni siku 3 za kiangazi. Kuanzia Novemba mvua zikianza, wiki nzima.

Kusafirisha: bomba la PVC la milimita 110, uso wenye rangi ukiangalia nje. Wengi wanaificha picha ndani wakidhani wanailinda, kumbe ndani rangi inabanwa na kufanya makunyanzi. Katikati wekeni shuka jeupe. Gazeti hapana, wino wake unahamia.

Yaya_Mwinda

Mimi naongeza kuhusu mshono, kwa sababu hapo ndipo kazi za namna hii zinapofia. Mkisema "nyinyi nusu, sisi nusu" bila vipimo, mtapata picha mbili zilizolazimishwa kulala kitanda kimoja: huku watu warefu kama mlingoti, kule wadogo kama kuku.

Kubalianeni mistari 3 itakayovuka katikati, kwa sentimita kutoka ukingo wa chini: labda 35 kwa njia, 70 kwa upeo wa macho, 115 kwa matawi. Mtu aliyesimama awe na 60, hapa na kule. Halafu acheni ukanda wa sentimita 40 katikati bila kuguswa. Turubai ya kwanza inaanza Lubumbashi, ya pili inaanza Ndola. Zinapishana njiani, na anayepokea ndiye anayejaza ukanda. Hivyo kila upande unapata zamu ya kuanza na zamu ya kumalizia kazi ya mwenzake. Kumalizia ni kugumu zaidi, maana unalazimika kuusoma mkono wa mtu usiyemjua.

Rangi msiziamini kwenye simu. Chagueni 5 za pamoja, mzipime kwa kijiko cha chai: njano 4, bluu 1, nyeupe nusu, mfano. Pakeni kila moja kwenye kadi, andikeni vipimo nyuma, kadi isafiri na turubai.

Kuhusu vipaji visivyolingana, jibu liko hapahapa mjini. Kwenye karakana ya uchoraji ya Le Hangar, iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mchoraji Bela, ambaye asili yake ni Chad, alipaka kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga alijaza kwa mistari mifupi iliyopangana. Wapeni vijana mojawapo ya njia hizo kwa turubai nzima. Vidole 24 vikidonoa, huoni tena nani alisoma kuchora na nani hakusoma.

Mtani_wa_Kenya (Kenya, mtaa wa Lubumbashi)

Njiwa wanakuja kwa sababu swali ni bovu. Ukimwambia mtoto "chora amani", atakupa njiwa, mikono miwili na dunia. Muulize: kwenu watu waliogombana wanarudianaje? Nani anatangulia kwenda? Anabeba nini? Anakaa wapi akifika? Hapo ataleta kigoda, kuku aliyefungwa miguu, mlango ulio wazi nusu. Hivyo vinachoreka.

Zambia wana utani wa Wabemba na Wangoni, unaoruhusu hata kuchokozana msibani bila mtu kukasirika. Waambieni wa Ndola wauchore. Ila utani unaojulikana upande mmoja ni tusi upande wa pili, kwa hiyo waueleze kwanza kwa simu. Lugha isiwatishe: wengi wenu mnasikia Kibemba.

Tahadhari moja. Mtu atapendekeza vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, kwa kuwa vinaliwa pande zote mbili, na ni wazo zuri. Lakini kumbukeni kwamba mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai waliofukuzwa hapa Katanga, wengi wao kwa treni, waliitwa "bilulu", wadudu. Mzazi wa mtoto mmojawapo anaweza kusimama mbele ya turubai akasoma jambo ambalo hamkuliandika. Vinkubala viwe kwenye sahani, vimekaangwa, na mikono inachota. Visiwe vinatembea kwa mstari kuelekea reli. Na wale watoto wa Kasai waonyeshwe mchoro wa penseli kabla ya wengine, si baada.

Maneno yapunguzeni. Amani, paix, mutende, ditalala, neno lilelile kwa lugha nne, zikipangwa zote juu, turubai inakuwa kibao cha mradi.

Fundi_Kamalondo

Aksanti sana. Yaya, ukanda wa sentimita 40 tumeukubali jana hiyohiyo. Na mpakani je? Tuende na vijana?

Brashi_Pana

Acheni turubai ivuke, watoto wabaki. Hati za walio chini ya miaka 18 zitakula muda na franka kuliko rangi yote. Fremu ziwe mbili, moja kila mji, vipimo sawa. Anayebeba bomba awe na karatasi ya Kifaransa na ya Kiingereza: vipimo, picha ya turubai, "kazi ya vijana, haiuzwi", pamoja na risiti za amerikani na rangi. Bomba lifunikwe kwa kizibo kinachofunguka kwa mkono. Mkilifunga kwa gundi, afisa atalikata kwa kisu, na kisu hakijui turubai inaanzia wapi.

Simu pangeni kwa saa za kwenu. Ndola saa ni moja na yenu. Ni Kinshasa iliyo nyuma.