Bosi wa zamani anidai 38,400

Mwenzenu niliacha kazi ya karani wa ghala Shimanzi mwezi wa tatu. Jana nimo ndani ya feri ya Likoni, simu yaita. Mhasibu: eti walinizidishia mshahara miezi minne, nirudishe 38,400 kabla ya Ijumaa. Cheti changu cha utumishi wamekikalia. Wallahi nilidhani ni ovataimu, maana tulipakua magunia mpaka saa nne usiku. Nifanyeje?

JIBU: Usitume hata shilingi kwa maneno ya simu. Waandike mwezi kwa mwezi, nawe ulinganishe na hati zako za mshahara na taarifa ya benki. Ila kilichozidi kweli ni deni, ndugu yangu. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu mwajiri kukikata mshaharani. Wewe huna tena mshahara kwao, basi mwaelewana.

JIBU: Cheti ni haki yako, kifungu cha 51. Deni halikizuii. Wakikaidi, ofisi ya leba.

MWENYE SWALI: Nimepekua sanduku zima. Miezi miwili ni ovataimu, imeandikwa. Hiyo mingine… mh, 17,200 si zangu. Nawaandikia leo, nilipe kidogo kidogo.