Nataka kubadili jina la tatu kwenye kitambulisho. Nifanye au niache?

MwanaNgambo (mwenye uzi)
Asalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni kijana wa Likoni, Mombasa, sijafika thelathini, nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nataka kubadili jina langu la tatu. Hili nililonalo si la damu yangu, nilibandikwa tu utotoni, na sasa nimekua, nataka nijulikane kwa jina langu la haki. Usiku silali. Nikiwaza kwamba nitaoa nizae, na watoto nao waitwe jina lisilo lao, kifua chanibana. Naomba kujua kisheria yafanywaje, na je, ni sawa? Matusi sitaki.

KaraniWaMvita
Kisheria si kazi. Wakili anakuandikia hati ya kubadili jina, inasajiliwa, halafu tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Hapo ndipo unaenda Huduma Center na makaratasi yako kuomba kitambulisho kipya. Kazi ni baadaye: PIN ya kodi ya KRA, benki, NSSF, pasipoti, laini ya simu. Vyeti vya shule vitabaki na jina la zamani, kwa hivyo hiyo hati utatembea nayo kama hirizi.

ViaziKarai
Wewe una bahati una majina matatu tofauti. Mimi kitambulisho changu kinasoma Hamisi Hamisi Hamisi. Karani alikuwa hasikii vizuri, baba akamrudia jina mara tatu, naye akaandika yote. Nikiitwa hospitali watu hugeuka kutafuta hao wengine wawili. Nimeshazoea, hata mke wangu akikasirika huniita yote.

BintiKibokoni
Mwenye uzi, hujasema hilo jina ni la nani, wala unalolitaka ni la nani. Watu watakushauri nini?

MwanaNgambo
La sasa ni la baba wa kambo. Ninalolitaka ni la baba aliyenizaa.

UstadhWaMtaa
Basi mjadala umekwisha. Dini yataka mtu aitwe kwa baba aliyemzaa. Kulea kuna thawabu kubwa, lakini kulea si nasaba. Fanya na usiogope kauli za watu.

BintiKibokoni
Ustadh, taratibu. Huyo baba aliyemzaa yuko wapi? Amemkubali? Na huyu mlezi yu hai ama amekufa?

MwanaNgambo
Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Nimeuliza kuhusu jina tu.

BintiKibokoni
Jina ndiyo hiyo nyumba, babangu. Sema.

MwanaNgambo
Haya. Mlezi yu hai, anaumwa sukari. Ni Mdigo wa Ng'ombeni, Kwale, jina lake laanza na Mwa-. Alikuwa kuli bandarini na ndiye aliyenisomesha, sikatai. Baba mzazi ni mtu wa Mji wa Kale, wa ukoo ambao ukiutaja ofisini watu wanakaa sawa. Sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Nilimwandikia Facebook, ameusoma ujumbe, hajajibu. Na kwa wakili nshatia sahihi. Lakini si kwamba nimeamua, ndiyo maana nipo hapa.

ViaziKarai
Ati sahihi nshatia lakini sijaamua 😂😂 Huyu ni mimi na kuacha miraa.

MzeeWaKuze
Mwanangu, ulilolifanya lina wazee wake hapa mjini. Wakati wa Mwingereza, aliyeandikwa "native", yaani mzawa, alikuwa na kodi yake na aliyeandikwa Mwarabu ana yake, pamoja na heshima yake. Watu wa Mataifa Kumi na Mbili, wenye mji hasa, walihangaika miaka na miaka wasihesabiwe "native". Kuna waliolala Waswahili wakaamka na nisba za Omani. Upande mwingine, Wapemba wa pwani hii walikaa bila vitambulisho, wengine wakajiandika kabila la jirani ili wapate tu, mpaka serikali ilipowatambua 2023. Wale walijificha kwa dhiki. Wewe kitambulisho unacho, kazi unayo. Dhiki yako ni ipi?

MwanaNgambo
Dhiki yangu ni kuulizwa "wewe wa Kwale wapi?" kila nikitoa kitambulisho, wakati Kwale huenda kwa mazishi tu. Mteja akisoma jina, sauti yake hubadilika. Nyinyi wenye majina yenu hamuwezi kujua.

MbuyuWaMatuga
Kumbe! Si baba unayemtafuta, ni Udigo unaoukimbia. Mimi ni Mwa- na mteja akibadilisha sauti namuongezea bei.

MwalimuWaTudor
Niingie kidogo, maana hili ndilo nililosomea. Msemo huu wa "mgogoro wa utambulisho" watu huutumia hovyo bila kujua uliletwa na mtu mwenye shida hii hii. Erik Erikson, mwanasaikolojia, alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, baba aliyemzaa hakumjua, akalelewa na daktari wa watoto aitwaye Homburger na kubeba jina hilo. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajiita Erikson, yaani mwana wa Erik, kama aliyejizaa mwenyewe. Ila angalieni: Homburger hakulitupa, alilisogeza katikati. Ile H iliyoko kwenye vitabu vyake ndiyo hiyo.

Baadaye mwanasaikolojia mwingine, James Marcia, mwaka 1966, akasema tutazame mambo mawili: mtu ametafuta kweli, na je, amejifunga na alichokipata? Kuna anayejifunga bila kutafuta, anapokea aliyopewa na wakubwa yakaisha. Kuna anayetafuta hajajifunga, na huyo hukosa usingizi, lakini hali yake si mbaya. Mwenye uzi, wewe uliruka hatua. Umelikataa ulilopewa na Mdigo, ukalichukua zimazima la mtu ambaye hajakujibu hata salamu. Huko nako ni kujifunga bila kutafuta.

MwanaNgambo
Mwalimu, nimetafuta. Nimeuliza mashangazi, nimeenda hadi mtaani kwao nikasimama mbele ya mlango. Na huyo Erikson wako mbona alibadili na dunia ikamheshimu?

BintiKibokoni
Mlango uliugonga?

MwanaNgambo
Kulikuwa na watu.

KaraniWaMvita
Mlezi anajua kuhusu hati?

MwanaNgambo
Atajua likitoka kabisa. Nisieleweke vibaya. Yule mzee hakusoma. Fomu yangu ya darasa la nane alilijaribu jina lake kwanza juu ya katoni ya unga, kwa kalamu ya bluu, akalitazama, akalirudia tena, ndipo akatia kwenye fomu. Namheshimu. Ndiyo maana sitaki ajue mapema.

BintiKibokoni
Yaani heshima yako ni asome gazetini, na kusoma kwenyewe hajui.

Mjuba_wa_Majengo
Samahanini, mimi namshuku huyu. Hadithi ya baba tajiri wa Mji wa Kale na mlezi maskini mgonjwa nimeshaiona kwenye tamthilia kila Ramadhani. Mwenye uzi, tangazo lako limetoka lini?

MwanaNgambo
Limetoka Jumatatu.

Mjuba_wa_Majengo
Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa. Usiku mwema.

ViaziKarai
😂😂😂 Nimeanika machozi yangu bure. Katoni ya unga ilikuwa imenishika.

MwanaNgambo
Wakili alinipigia Jumatatu kuniambia limetoka! Mimi gazeti lenyewe sijaliona.

KaraniWaMvita
Hilo lawezekana, mawakili hupiga simu wakitaka salio lao. Lakini kama limetoka, ulituuliza nini mwanzo wa uzi? "Yafanywaje?"

MbuyuWaMatuga
Anataka tumwambie amefanya vizuri, basi.

UstadhWaMtaa
Kwa hayo mapya, hukumu ya nasaba ni ile ile. Lakini kumficha aliyekulea, hilo sikukufundisha.

MwanaNgambo
Nimewasikia. Wakili anasema hata sasa naweza kuandika hati nyingine, jina la mlezi likae katikati, ila nitalipa tena. Nafikiria.

MwalimuWaTudor
Kabla ya kumlipa wakili mara ya pili, kazungumze na mzee. Akikupa ruhusa utakuwa na la kumwambia yule wa Facebook pia.

Mjuba_wa_Majengo
Na risiti ya wakili iweke hapa, ufiche majina. Ukiiweka nakuomba radhi hadharani na nauli ya tuktuk ya kwenda kwa mzee nakutumia.

ViaziKarai
Mimi nimo, hiyo nauli tuchange. Tukimtumia, mtaona jina lake kwenye M-Pesa.