Msaada: Subaru STI yangu inaenda kukimbia maili moja, nianzie wapi?

Mbongo_Houston

Wakuu habari za majukumu. Niko Houston huku mwaka wa saba sasa, nina Subaru STI ya 2005 ambayo ndo hiyohiyo naiendea kazini. Wiki tatu zijazo kuna mbio za maili moja kwenye runwei ya uwanja wa ndege, unaanza gari imesimama unakanyaga mpaka mwisho wa maili, wanakupima spidi pale kwenye mstari basi, hakuna kona hakuna wa kushindana naye. Mimi na jamaa yangu mmoja tumeshalipia. Gari ina turbo kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, intakula (kipoza hewa ya turbo), egzosi ya inchi 3, nozo kubwa za mafuta, pampu ya mafuta nimebadilisha, imetyuniwa (kompyuta ya injini imepangwa upya) na kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu, ilitoa hospawa 380 magurudumuni. Nataka maili 160 kwa saa, yaani kama kilomita 257.

Swali sasa: kuna turbo nyingine kubwa zaidi nimeiona kwa bei ya kutupa, niifunge chap au nikimbie na hii niliyonayo? Na kingine cha kuangalia ni kipi. Karibuni, hata matusi nakubali ila yawe na faida ndani yake.

fundi_Gerezani

Mkuu achana na hiyo turbo. Wiki tatu ni chache sana, utafunga leo, kesho unatafuta inapovuja, keshokutwa unatafuta mtu wa kuityuni na yeye ana foleni, siku ya mbio ndo unaijaribu kwa mara ya kwanza. Nimewaona wengi wa hivyo, gari inarudi juu ya lori.

Halafu kuna kitu watu hawakijui. Kwenye daino mvuto mmoja ni sekunde kumi, kumi na mbili, wanaachia. Maili nzima kutoka kusimama ni sekunde thelathini na kitu na mguu uko chini muda wote ukitoa pale unapobadilisha gia. Joto la moshi linapanda, pistoni zinapanda joto, oili inapanda, hewa kwenye intakula nayo inapanda. Tyuni iliyokuwa salama sekunde kumi inaweza ikaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda, sekunde ya ishirini na tano. Kwahiyo rudi kwa aliyekutyunia mwambie waziwazi naenda kukimbia maili, sio robo maili, akucheleweshee cheche za plagi digrii moja au mbili kule juu na aongeze mafuta kidogo. Utapoteza hospawa chache hutozisikia hata kidogo. Na aangalie nozo zinafunguka asilimia ngapi kwenye rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ya juu, zikishavuka 85 hivi ujue akiba imeisha.

Injini hiyo ya EJ25 unajua ugonjwa wake, silinda namba 4, ule ukingo wa pistoni kati ya ringi unakatika. Toa plagi zote nne uziangalie kabla hujafanya chochote, na oili ijae mpaka alama ya juu kabisa, sio katikati.

Tairi zako zimeandikwaje ubavuni? Anza na hapo.

boxer_254

Fundi ameongea, mimi naongezea hesabu juu hapa watu hupenda kuongea hospawa na hawajui upepo ni nani. Nguvu ya kusukuma upepo inapanda kwa spidi mara spidi mara spidi, namaanisha spidi ukizidisha mbili unahitaji nguvu mara nane. Kutoka 150 kwenda 160 tu buda, hapo ni asilimia 21 ya nguvu ya ziada na hujagusa msuguano wa tairi. Ndio unasikia gari ya hospawa 300 inafika maili 140 fiti alafu ya 400 haifiki ata 160. Ukitaka kujua hii kitu ni ghali, ile Ford GT ya timu ya M2K iliyofanya spidi ya maili 300.4 kwa saa mwisho wa maili moja hukohuko Texas 2019 ilikuwa inaongelewa kwa hospawa za maelfu, na hiyo ni gari ilizaliwa ikiwa chini kama kobe. Yako ina pua ya mraba.

Sasa gia. Kama giaboksi ni ile ya kiwanda ya sita, uwiano wa ya tano ni 0.971 na ya sita 0.756, difu 3.9. Tairi ya 245/40 rimu 18 ikizunguka mara moja inatembea kama mita 2.05. Piga hesabu, kwa rpm 7000 gia ya tano inaishia kilomita 227, maili 141 hivi. Ya sita kwa karatasi inaenda 292 lakini hiyo ni karatasi. Ukiingiza ya sita pale 7000 rpm zinaanguka mpaka 5450, na ukiwa na turbo inayopenda rpm ya juu gari inalala hapo inaangalia upepo tu. So ujue mapema utabadilisha wapi, usifike pale mita 1200 ndio unaanza kufikiria.

Ile spoila kubwa ya STI toa. Inakula spidi bure.

Mzenji_Yorkshire

Assalaam aleikum. Nakubaliana na wenzangu isipokuwa kwenye spoila, ntarudi.

Mimi nilikimbia pale Elvington karibu na York, uwanja wa zamani wa jeshi la anga, watu huku wanautumia sana kwa mbio za spidi. Nilikuwa na Mitsubishi Evo, rimu nzuri, tairi mpya, nimejaa kiburi. Mbio ya pili nafika karibu na mstari naona usukani unavuta kushoto polepole, kama mtu ananivuta mkono. Nikaachia mafuta, sikugusa breki, ikanyooka ikasimama kule mbali. Tairi ya mbele kushoto imebaki na upepo nusu. Si tairi iliyokuwa mbovu. Ilikuwa valvu, ile ya mpira ya shilingi mbili unayojazia upepo, gereji waliponibadilishia tairi waliniwekea za mpira na mimi sikuangalia. Jamaa mmoja mtu mzima pale akanichorea kwenye vumbi la boneti: kwa kilomita 240 kile kivalvu kinarushwa nje kwa nguvu mara 800 na zaidi ya uzito wake, cha gramu 20 kinavuta kama mzigo wa kilo 17. Mpira unapinda, unalalia ukingo wa rimu, unafungua ufa pale chini, upepo unatoka. Gari ikisimama kinanyooka tena kama hakikufanya kitu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikanywa chai nusu saa sijasema na mtu.

Weka valvu za chuma za kubana na nati, nne zote, na vifuniko vya chuma. Bei yake haifiki hata chakula cha mchana.

Spoila sasa. boxer_254 wewe unataka spidi, mimi nataka arudi nyumbani. Kweli inakula maili mbili tatu. Lakini gari ile ikienda mbio nyuma inakuwa nyepesi, na runwei haina majengo ya kuzuia upepo wa pembeni. Mara ya kwanza kukimbia, abaki nayo.

boxer_254

Mzenji sawa kwa mara ya kwanza nitakubali lakini wing ya juu na spoila ya chini si kitu kimoja, awekee ile ndogo ya chini basi. Hiyo ya valvu sijawahi kuskia na nimekaa kwa magari miaka kumi na mbili. Nimetoka nje kuangalia zangu saa hii. Ni za mpira.

Mbongo_Houston

Wakuu nimerudi, nimelala chini ya gari na tochi ya simu. Tairi zimeandikwa 245/40R18 halafu 93V. Na kile kiduara cha mwisho baada ya DOT kimeandikwa 1814. Nilinunua gari ikiwa nazo, kashata (meno ya tairi) zimejaa kabisa nikajua mpya.

fundi_Gerezani

1814 ni wiki ya 18 ya mwaka 2014 mkuu. Hizo ni wazee. Kashata zimejaa kwa sababu gari ilikuwa imepaki, mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Na V mwisho wake ni kilomita 240, wewe unataka 257. Huko Texas na lami yenye moto usithubutu. Chukua zilizoandikwa Y, hizo ni mpaka 300, W ni 270 inatosha kwa hesabu lakini mimi ningelala vizuri na Y. Hela ya turbo ndo imeishia hapo, na bora iishie hapo.

Upepo jaza ukiwa baridi, panda kidogo juu ya unavyotumia mjini ila usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tairi laini kwa spidi hiyo inajikunja na kujipasha yenyewe mpaka inachanika. Balansi wapime rimu zikiwa safi ndani, tope lililokauka kule ndani nimeliona likitikisa gari mtu akadhani ni ekseli.

bint_Maskati

Salaam wote. Wanaume mmeongea mengi na hamjasema joto la foleni. Huku kwetu Maskati kiangazi tunajua habari hii. Unasimama kwenye mstari dakika arobaini injini inawaka, eyasii (kiyoyozi) inawaka, intakula ya Subaru iko juu ya injini inaivishwa kama mishkaki, halafu unataka hospawa 380. Hazipo. Zima gari, fungua boneti, ukibakiwa na gari mbili mbele yako ndo uwashe. Chukua namba ya asubuhi mapema kama wanakupa uchaguzi. Kaka yangu hubeba barafu kwenye mfuko anaiweka juu ya intakula mpaka wanamwita, wanamcheka, halafu wanaiga.

Na toa makapeti ya miguuni!! Yote. Kapeti la dereva likiteleza chini ya padeli hutakuwa na muda wa kuinama.

Mzenji_Yorkshire

Kweli kabisa dada. Na ile plastiki ya chini ya injini, ambayo sote tukibadilisha oili tunaitoa na hairudi, au inarudi na skrubu mbili kati ya nane. Irudishe yote. Upepo ukiingia pale kwa 220 unaing'oa na unaburuza chini mbele ya tairi zako. Kofia pia, wengi wanarudishwa mlangoni kwa ajili hiyo, wanataka ya magari yenye alama ya Snell SA maana imepimwa moto ndani, ya pikipiki sehemu nyingi hawaikubali.

fundi_Gerezani

Breki nimalizie. Mafuta ya breki badilisha yote, DOT 4 mpya, yale ya zamani yameshakunywa maji na maji yanachemka, padeli inazama mpaka chini. Ukiwa 240 breki zina kazi mara nne ya 120, sio mara mbili. Kwahiyo ukivuka mstari achia mafuta kwanza acha upepo ukupunguze, huo upepo ulioulipia wote, halafu kanyaga taratibu ukiwa umenyooka. Ukirudi kupaki usivute hendibreki, weka gia. Nati za rimu zikazwe kwa spana ya kipimo, sio kwa kupanda juu yake na mguu.

Mbongo_Houston

Wakuu, mrejesho. Nimekimbia jumamosi.

Nilinunua tairi Y, valvu za chuma, mafuta ya breki, kofia. Spoila nimebaki nayo, samahani boxer. Mtyunishaji alipunguza kama fundi alivyosema, daino ikatoa 366, roho iliuma kidogo.

Mbio ya kwanza maili 139, niliogopa, niliachia mapema nikisikia upepo unapiga mlango kama mtu anagonga. Ya pili 146, nilichelewa kuingiza ya sita, ikagonga limita (kizuizi cha rpm) ikawa kama nimekanyaga breki. Ya tatu niliingiza ya sita pale 6800 nikashika usukani sijapumua, 149. Kilomita 240 kamili, yaani zile V za 2014 ndo mwisho wake ungekuwa hapo. Barafu nilibeba, walicheka, mchana nilikuwa nimeshawagawia watu watatu.

Yule jamaa yangu ndo aliinunua ile turbo. Alimaliza kuityuni alhamisi usiku kwenye laptop barabarani. Mbio ya pili moshi mweupe, silinda namba 4. Gari yake ilirudi kwenye trela, yeye akarudi na mimi, eyasii inafanya kazi, akalala njia nzima mdomo wazi.

Sasa zile maili 11 zilizobaki nazipataje?

fundi_Gerezani

Hongera sana. Toa plagi, piga picha zote nne zikiwa zimepangwa 1 mpaka 4, weka hapa. Halafu ndo tuongee.