Nimeota kinyago kizima usingizini ila gogo lake ni mpingo, nichonge au niache?

Fundi_Tezo

Wakuu habari za leo, mnivumilie uzi ni mrefu kidogo na una mambo mawili ndani yake ila kwangu mimi ni jambo moja.

Mimi ni mchongaji, niko Mwenge pale kwenye vinyago, kazi nimeichukua kwa mjomba. Sasa majuzi nimeota kinyago. Sio kwamba naota nachonga, hapana, nimekiona chenyewe kimesimama kimeisha mpaka msasa kishapigwa. Ni kama ule mtindo wa ujamaa mnaoujua, ukoo mzima umepandana mabegani, ila hiki kimegeuzwa, bibi yuko juu kabisa na wengine wote wananing'inia chini yake vichwa chini, halafu wale wajukuu wa mwisho vidole vyao vinarefuka vinakuwa mizizi. Nimeamka saa kumi usiku natafuta daftari silioni nikachora kwa mkaa nyuma ya kalenda, wife anauliza unatafuta nini nikamwambia lala tu.

Shida kwenye ndoto kilikuwa cheusi tii, yaani mpingo, tena gogo nene ambalo siku hizi huletewi hata ulipie kabla. Tunachopata sasa ni vijiti, na wenye mitaji mikubwa wanaupigania huu huu mti kwa ajili ya klarineti na obo za wazungu. Na mpingo sio mchicha, miaka 70 mpaka 100 ndo unafika unene wa maana. Sasa mimi nikalale niote halafu niamke nikaangushe mti wa karne nzima kisa ndoto?

Na kuna kingine kinanikera hata kabla ya hiyo ndoto. Vipande tunavyokata pale kibandani wengi tunabeba nyumbani kuwashia jiko. Kwangu pia. Juzi wife kachemsha maharage kwa mpingo, yakaiva chap maana moto wake ni balaa, mi nakula huku nawaza huu mti ulianza kuota kabla babu hajaoa.

Maswali yangu, nyie mnaobuni vitu, wachoraji, wanamuziki, mafundi nguo, ndoto huwa mnaifuata kama ilivyo au mnachukua kidogo mnaacha kingine? Na pili mti gani mwingine unaweza kubeba hii kazi isionekane ya kubabaisha? Msiniambie nichonge mti mweupe nipake kiwi nyeusi, hiyo nawaachia wanaouzia watalii wanaopanda ndege kesho yake.

Kibaraghashia

Mkuu hapo hamna maono wala nini, hayo ni maharage ya usiku. Kula mapema utaota vizuri 😂

Ila serious, watu mnahangaika na kijigogo kimoja wakati mkaa unaingia Dar kila usiku kwa pikipiki na malori, misitu inaishia jikoni. Wewe chonga mwanangu, kinyago chako kitakaa miaka mia, gunia la mkaa linakaa wiki mbili.

Mlezi wa Msitu (Kilwa)

Shikamoo wakubwa, wadogo hamjambo. Kibaraghashia hilo la mkaa uko sahihi nusu, lakini usitumie kosa kubwa kuhalalisha dogo, halafu huku kwetu tunaoishi na huo mti mambo hayako hivyo mnavyoyasikia mjini.

Fundi, mpingo haujawa haramu. Tangu Sheria ya Misitu ya 2002 kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, kikaupima, kikaweka mpango wa uvunaji, na mapato ya magogo yakabaki kijijini. Huku Kilwa vijiji kama Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayovunwa vizuri, mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, na shirika lililosaidia ni MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo hilo. Kabla ya hapo mwananchi akiona mpingo anaona mti wa mtu mwingine, lori likija linabeba yeye anabaki na vumbi, sasa unategemea autunze kwa lipi? Baada ya mapato kuanza kuingia kwenye kamati, mtu akisikia msumeno usiku anatoka mwenyewe na tochi.

Kwa hiyo swali lako sio mpingo au sio mpingo, ni mpingo wa nani. Gogo halali halikatwi mti ukiwa chini ya kipenyo cha sentimita 24 ukipimwa usawa wa kifua, limegongwa alama ya nyundo ya serikali, lina karatasi ya kusafirishia. Ukimuuliza anayekuletea karatasi akaanza kukuita kaka kaka bila kujibu, ushajua.

Na kitu ambacho mafundi wengi hamkijui, adui mkubwa wa mpingo huku sio tezo lenu, ni moto. Watu wanachoma mashamba mwishoni mwa kiangazi nyasi zimekauka kabisa, moto unaingia msituni unakula mti kwenye shina, haufi, ila unaanza kuoza kwa ndani. Mkikuta gogo zuri kwa nje katikati tundu mara nyingi ndo hiyo. Ndo maana huku tunachoma mapema, mvua zikiisha tu majani yakiwa bado mabichi mabichi, moto unapita chini chini. Wenye viwanda vya ala za muziki gogo lenye tundu au ufa hawalitaki kabisa, wao wanataka kiini safi kilichonyooka, na ukihesabu mwisho kinachofika kwenye klarineti hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya mti uliokatwa. Hayo mengine ndo mngekuwa mnayafuata nyie wachongaji, maana tundu kwako ni sanaa kwao ni hasara.

MamaVitenge

Mimi ni fundi nguo nimeshona miaka mingi tu na ndoto ndo ofisi yangu ya pili, kwa hiyo swali la kwanza ni langu.

Kaka ndoto usiifuate kama ilivyo, ndoto haijui bei ya kitambaa. Mimi nishaota gauni limeshonwa kwa maji, sasa hilo nitalikata na mkasi gani? Nilichochukua pale ni vile lilivyokuwa linaanguka mgongoni, nikatafuta kitambaa kinachoanguka hivyo hivyo basi, mteja mpaka leo analivaa. Chukua ile kitu iliyokushtua ukaamka, hiyo ndo mali yako. Kwako wewe mi naona ni ule ukoo kugeuzwa na vidole kuwa mizizi, weusi ule ni mazoea tu umeshinda na mpingo mchana kutwa unategemea uote plastiki?

Na kwa wanaosema ni maharage, wasomi wameshalipima hili. Mwaka 2021 Paris waliwapa watu zaidi ya 100 hesabu zenye njia ya mkato iliyofichwa, ambao hawakuiona wakapumzishwa dakika 20 kwenye kiti gizani wameshika kitu mkononi ili wakizama usingizini kidondoke kiwaamshe. Walioguswa tu na ule usingizi wa mwanzo kabisa hata sekunde 15, asilimia 83 waliiona njia ya mkato, waliobaki macho ni 30, na waliopitiliza kwenye usingizi mzito zaidi ni 14 tu. Yaani kulala fofofo hakukusaidii, ni pale kwenye kusinzia. Inasimuliwa hata Edison na Salvador Dalí walikuwa wanafanya hivyo hivyo, mmoja mipira ya chuma mwingine funguo, ikidondoka anaamka anaandika.

Ila angalieni kitu, wale wa Paris walikuwa wameshahangaika na hesabu kwanza. Hata Kekulé yule mkemia Mjerumani aliyesema alisinzia akaona nyoka anauma mkia wake akapata umbo la molekuli ya benzini, alikuwa ameshalala na kuamka na hiyo benzini kichwani muda mrefu. Wewe ambaye hujawahi kushika tezo ukiota kinyago umeota tu.

Ushauri wa vitendo, ukiamka usigeuke upande wala usishike simu, simu inafuta ndoto kabla hujaweka nywila. Lala vile vile ukusanye, halafu ndo uchukue penseli. Na nunua daftari jamani kalenda ya nini.

Fundi_Tezo

Dada umenichekesha hapo kwenye gauni la maji, ila nimekuelewa. Na la kushinda na mpingo mchana kutwa ni kweli, sijawahi kuota mninga hata siku moja.

Mlezi asante sana aisee, hilo la magogo yenye tundu sikuwa nalijua kwa upande wa viwanda. Sisi letu likija na tundu mtu anagomba bei anadhani kapigwa.

Wamunyu_Malindi

Sasa ndugu zangu wa TZ, salamu kutoka Malindi. Mimi ni Mkamba, na hii kazi kwetu inasimuliwa ilitoka kwenu, kuna mzee anaitwa Mutisya Munge wa Wamunyu huko Ukambani alikwenda vita vya kwanza vya dunia huko Tanganyika akarudi na ujuzi wa kuchonga, basi ukoo wote na majirani wakaingia. Kwa hivyo tuna deni.

Huku hiyo shida yenu ilitufikia mapema. Wazee walikuwa wanachonga mpingo na muhugu, mti mwingine mgumu wa msituni, swara na twiga zote hizo za watalii, kufika miaka ya tisini ukitaka muhugu inabidi uende mbali kabisa na bei imepanda. Ndio watu wa mazingira wakaja na hiyo mambo ya mbao nzuri, wakasema chongeni mwarobaini, mwembe, jakaranda, miti inayomea haraka na iko mashambani kwa watu. Wazee walikataa! Walisema mwarobaini ni dawa ya malaria sio mbao. Saa hii ukienda vyama vya wachongaji hapa Malindi na pale Changamwe mwarobaini umejaa, na mkulima ambaye alikuwa anaukata kama takataka anangoja unenepe auze.

Lakini wacha nikwambie ukweli usije ukanilaumu. Mwarobaini sio mpingo. Uko mwekundu mwekundu ndani, ni mwepesi kwa tezo, wadudu hawaupendi sana kwa sababu ya ule uchungu, lakini ukichonga ukiwa mbichi utapasuka tu, hasa ikipelekwa kwa nchi ya baridi kwenye nyumba za hita. Lazima ukauke, wengine wana tanuru, sisi tusio nayo tunachonga umbo kubwa kwanza tunaacha kivulini tunafunika na maranda, baadaye ndio tunamalizia. Vidole vyembamba vya mizizi kama unavyosema kwa mwarobaini ningeogopa, vinakatika. Mwembe ndio usijaribu kabisa kwa hiyo kazi.

Ama ufanye hivi, huyo bibi na wale wa juu uwachonge mpingo kipande kifupi, halafu ukoo wa chini mwarobaini, uunge.

Mzee wa Patasi

Nimesoma nikanyamaza mpaka nilipofika hapo kwenye kuunga. Kijana wa Malindi nakuheshimu kwa yote uliyosema lakini kinyago cha ukoo hakiungwi. Ukoo unatoka gogo moja ndo maana ya wote kushikana, ukiunga hiyo ni fenicha. Watu wanakuja wanapitisha kidole kutafuta gundi, wakiikuta wanaondoka.

Fundi nikuulize, kwenye ndoto ulikipima? Ulishika futi? Ndoto haina futi. Unalilia gogo nene la nini, chonga cha kiganja mpaka kiwiko kutoka gogo jembamba halali kama alivyosema huyu wa Kilwa. Wazee wa zamani ninaowajua kazi zao nzuri zilikuwa ndogo, ukubwa uliletwa na watalii na maonyesho.

Na kitu kingine mnakitupa kila siku, ule weupe. Mpingo kiini cheusi lakini chini ya gome kuna tabaka la mbao lenye rangi ya maziwa, mnaliparura lote mnalitupa kwa sababu mteja anataka nyeusi tupu. Liache chini. Ukoo mweusi ukifika kwenye vidole vya mizizi ingia kwenye ule weupe, rangi inabadilika yenyewe bila kuunga wala kupaka. Ila ule weupe ni chakula cha wadudu, upake dawa ya mbao mapema uache ukauke vizuri, usije ukaniita mwongo.

Fundi_Tezo

Mzee wa Patasi shikamoo mzee wangu. Hiyo ya weupe kwenye mizizi imenikalia hapa hapa. Gogo jembamba lina weupe mwingi kulingana na kiini, kwa hiyo wembamba niliokuwa naulalamikia ndo unaoniletea mizizi. Nimechora upya leo asubuhi, bibi amepungua kitambi ila amekaa.

Mlezi naomba PM, nataka gogo moja tu la kutoka kwenye misitu ya vijiji, hata kama lina tundu, na karatasi zake. Ndugu wa Malindi mimi mwarobaini nitaujaribu kwenye kazi za kawaida, viboko na mabakuli, maana huo hata nyuma ya nyumba yetu upo, ila huyu bibi mniachie.

Kibaraghashia

Sasa maharage yatapikwa na nini 😂😂

Fundi_Tezo

Gesi ipo, mtungi mdogo, tulikuwa tunabania tu. Vile vipande nimeongea na madogo pale kibandani tuanze kukata hereni na vifungo vya nguo, visivyofaa kabisa ndo viende jikoni.

MamaVitenge

Vifungo vya mpingo?? Nataka. Matundu manne, upana kama shilingi mia, dazeni bei gani?

Fundi_Tezo

Dada mpingo unaua drili, chukua matundu mawili nikupunguzie. Bei njoo kibandani na hicho kitambaa tulinganishe rangi kwanza.