Antibiotiki zimekausha vidonda vya mama, na mabaka ya saratani nayo yamelala. Inawezekana?

BintiPasua: Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Mama ana miaka 61, anauza ndizi Mbuyuni hapa Moshi. Miaka minne amepakwa dawa za fangasi mgongoni na mapajani, kila duka la dawa na tyubu yake. Mwaka jana hospitali ya KCMC wakakata kinyama wakapime: limfoma ya ngozi, yaani saratani ya seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Mwezi uliopita mabaka yakapasuka, usaha, harufu, usiku halali kwa kujikuna. Akaandikiwa antibiotiki siku kumi. Vidonda kukauka nilitegemea. Ila hata mabaka yasiyo na kidonda yamefifia, nimeyaona mwenyewe nikimwogesha. Antibiotiki zinatibu saratani? Nimnunulie dozi nyingine?

Muuguzi_Ngarenaro: Pole mdogo wangu. Macho yako hayajakudanganya. Kuna bakteria, Staphylococcus aureus, anayependa ngozi iliyochubuka. Sumu yake huzichokoza seli T zilizo nzima. Zikichokozwa hutoa kemikali za kuitana, na seli za saratani zilizo jirani hustawi kwa kemikali hizohizo. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa taarifa ya wagonjwa 8 wenye ugonjwa uliokwishasogea, waliopewa antibiotiki kali. Bakteria walipungua na saratani ikatulia, lakini kwa muda. Dawa ilimwondoa mchokozi, saratani yenyewe ilibaki. Kwa hiyo dukani usiende, nakusihi. Bakteria akizoea dawa, siku mama akipata maambukizi ya damu mtakosa pa kushika, na maambukizi ni kati ya mambo yanayoua sana wagonjwa hawa.

Mzee_Kibosho: Binti, usijilaumu kwa hizo tyubu. Shemeji yangu alipita njia hiyohiyo. Hata jina la kitaalamu la aina yake inayopatikana zaidi, mycosis fungoides, limebeba fangasi: Alibert wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1806 aliona vivimbe vinafanana na uyoga. Fangasi hamna. Taulo lake liwe lake peke yake, na kucha mkate fupi.

BintiPasua: Asante dada, asante mzee. Kucha nimezikata sasa hivi, alikuwa nazo ndefu kweli. Kliniki ni Alhamisi. Vidonda viwili vya kiunoni bado vinatoa maji, nitaomba wachukue usaha waoteshe maabara, wajue ni bakteria gani, kabla ya kuandika dawa nyingine. Mama anauliza lini atarudi sokoni. Nimemwambia tusubiri hiyo Alhamisi.